Jibu: Kipimo kimoja cha lukemia kisimuue mtoto wa paka

Pole sana mkuu. Unauliza kama chanya moja ya lukemia ya paka (kirusi kinachoambukiza paka, hudhoofisha kinga na kinaweza kuleta saratani) kwa paka wa wiki 9 inatosha kumchoma sindano ya kumuua. Usikubali!

Kwanza muulize daktari: ametumia damu au mate? Mate hayaaminiki. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kirusi chenyewe, kwa hiyo kwa kawaida chanjo wala kinga ya mama haikivurugi (cha ukimwi wa paka ndicho huvurugwa). Ila chanya za uongo zipo.

Paka wangu, hapa Tabata, alikutwa chanya. Nilimtenga na wenzake, bakuli lake peke yake, tukarudia damu baada ya wiki 6: hasi. Ama kilikosea, ama mwili ulikidhibiti kirusi. Paka wengine wanaoishi na huyo wako wakisoma hasi leo, warudiwe baada ya siku 30.