Mtu Mweusi kwenye skrini: tuanze na filamu ipi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Likoni. Ninasimamia chama cha filamu katika shule ya upili, na wanafunzi wameniuliza kwa nini mtu Mweusi katika filamu kongwe za Marekani huwa ama mtumishi ama kichekesho ama mhalifu. Ni filamu gani ya makala itakayowafungua macho?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Mwalimu, anza na Ethnic Notions ya Marlon Riggs, mtengenezaji filamu Mweusi wa Marekani, ya miaka ya 1980, ambayo haifiki saa moja na kwa hivyo itaenea katika kipindi chenu cha jioni. Riggs hahubiri, bali anavipanga vitu vyenyewe mbele ya mtazamaji: mitungi ya biskuti yenye sura ya yaya mnene anayecheka, kadi za posta, katuni, na waigizaji Wazungu waliojipaka usoni masizi ya vizibo vilivyochomwa. Hoja yake nzito ni kwamba sura hizo zilifuata siasa. Wakati wa utumwa, Mweusi alichorwa kuwa mtoto mkubwa anayefurahia kutumikishwa, lakini utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, akageuzwa mnyama wa kuogopwa, na ndiye huyo tunayemkuta katika filamu The Birth of a Nation ya mwaka 1915.

Kisha waonyeshe Color Adjustment, ya Riggs huyo huyo, inayohusu runinga. Humo wataona Amos 'n' Andy, kipindi cha vichekesho ambacho redioni kiliigizwa na Wazungu wawili, kikaingia runingani mwaka 1951 kikiwa na waigizaji Weusi, na bado NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kikakipinga, kwa sababu waliobadilika walikuwa waigizaji na wala si dhihaka yenyewe.

Upungufu wa Ethnic Notions, kwa maoni yangu, ni kuwa inakaa mno na kazi za mikono ya Wazungu, hata kijana anaweza kudhani Weusi walinyamaza tu. Mtajie Oscar Micheaux, Mweusi aliyetoa filamu yake, Within Our Gates, mwaka 1920.

Wala wasidhani ni mambo ya ng'ambo pekee. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, mkoani Tanga, Waingereza walitengeneza filamu za kuwafunza Waafrika; mojawapo ilimwonyesha anayezika fedha zake ardhini akiibiwa, huku mwenzake aliyeziweka benki ya posta akistarehe. Waigizaji walikuwa wenyeji. Waulize wanafunzi wako ni nani aliyeandika hadithi hiyo, na kwa nini mjinga wake alikuwa lazima awe Mwafrika.