Uchovu wa Kampeni

SWALI: Mhariri, mwaka 2017 hapa Kenya tulipiga kura tarehe 8 Agosti, kisha tukatakiwa kurudi vituoni. Mbona wengi wetu hatukuwa tena na hamu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, huo haukuwa uvivu. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, wananchi waliokwisha kuvumilia vipaza sauti vya magari ya kampeni kwa miezi mingi walirudishwa mwanzo wa safari, na tarehe 26 Oktoba waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 39 tu, ilhali Agosti walizidi asilimia 75. Sababu kubwa ilikuwa upinzani kususia marudio hayo. Hata hivyo, uchovu nao ulichangia, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuzima redio.