Sahihi ya mkuu wa idara: maswali yenu kuhusu uongozi wa elimu na utafiti wa afya ya jamii

Maswali ya safari hii yametoka kwa wakuu wa idara, wahadhiri na wanafunzi wa afya ya jamii. Tumeyafupisha, na majina tumeyaacha. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: karatasi imeletwa mezani, inasubiri sahihi ya mkubwa. Aisaini au asiisaini?

Nimeteuliwa kuwa mkuu wa idara kuanzia mwezi ujao. Kila mtu ananiambia niandike mpango mkakati. Nianzie hapo?

Mpango mkakati usubiri. Anza na tarehe. Mwombe aliyekutangulia akukabidhi kwa maandishi orodha nne: miradi yote ya utafiti inayoendelea, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kibali cha maadili (ruhusa ya kamati inayolinda haki za washiriki wa utafiti) na tarehe ya mwisho ya fedha; wanafunzi wote wa uzamili na uzamivu, msimamizi wa kila mmoja na hatua aliyofikia; mikataba inayosubiri kusainiwa; na mgawanyo wa vipindi vya kufundisha.

Orodha ya kwanza ndiyo inayochoma. Kibali cha kamati ya maadili kwa kawaida hudumu mwaka mmoja. Mradi ukiendelea kuhoji watu baada ya kibali kuisha, data za siku hizo huenda zisitumike kabisa, na kamati ina haki ya kuusimamisha mradi wote. Ombi la kuongeza muda lipelekwe miezi miwili kabla, kwa sababu kamati nyingi hukaa mara moja kwa mwezi, na ombi likirudishwa kwa marekebisho unahitaji kikao cha pili.

Kisha tengeneza jedwali la mzigo wa kazi. Kwa kila mhadhiri andika saa za darasani, saa za kuandaa na kusahihisha, idadi ya wanafunzi anaowasimamia, na asilimia ya muda aliyoahidi kwenye kila ruzuku, yaani fedha za mfadhili wa utafiti. Jumlisha. Usishangae kumkuta mtu aliyeahidi asilimia 40 kwa mradi mmoja, 30 kwa wa pili na 30 kwa wa tatu, huku akifundisha kozi mbili. Kwenye karatasi amekwisha, muda wa kufundisha haupo. Wafadhili hulipia muda huo na mkaguzi huuliza ulikwenda wapi, kwa hiyo kaa naye mapema mpunguze asilimia au kozi.

La mwisho linakuhusu wewe. Kitu cha kwanza kumponyoka mkuu mpya ni muda wa kuandika. Tenga asubuhi mbili kwa wiki, zitangaze kwa idara nzima, na uratibu wa kila siku wa mradi wako mkabidhi mwenzako. Jina la mwenzako huyo liingizwe kwenye nyaraka za kamati ya maadili, maana yeye ndiye atakayepokea simu mshiriki akipata madhara.

Je, amidi wa shule kuu ya afya ya jamii lazima awe daktari?

Hapana. Austin Bradford Hill, aliyewahi kuwa amidi wa shule ya afya na tiba ya kitropiki ya London, hakuwa daktari. Kifua kikuu kilimzuia kusomea udaktari, akachukua shahada ya uchumi kwa njia ya posta, na akaishia kuwa profesa wa takwimu za tiba. C.-E. A. Winslow, aliyeanzisha idara ya afya ya umma ya Yale mwaka 1915, alikuwa mtaalamu wa bakteria. Kinachotakiwa ni mtu anayeweza kusoma jedwali la matokeo na bajeti kwa uelewa uleule, na kusema "sijaelewa, nieleze tena" mbele ya wadogo zake. Zingatieni hilo mnapopendekeza majina.

Kila andiko la utafiti la uzamili linalofika mezani kwangu lina sampuli ya watu 384. Niwe na wasiwasi?

Ndiyo, na wasiwasi wako una sababu. Namba hiyo hutoka kwenye fomula ya kukadiria uwiano mmoja: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Jibu ni 384.16. Kwa kuwa sampuli haipunguzwi bali hupandishwa, iandikwe 385. Huwa tunaiona 384 imenakiliwa andiko hadi andiko, na hilo peke yake ni dalili kwamba aliyeiandika hakuikokotoa.

Fomula hiyo inajibu swali moja tu: jambo fulani limeenea kiasi gani, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi pointi 5, iwapo watu wamechaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Mwanafunzi anayelinganisha makundi mawili anahitaji fomula nyingine. Na kama ugonjwa unawapata watu 2 katika kila 100, kosa la pointi 5 ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Tazama sasa kinachotokea anapochagua vijiji kwanza, kisha watu 20 ndani ya kila kijiji. Wa kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja na huenda zahanati moja. Wanafanana, hivyo mtu wa ishirini haongezi habari nyingi kama wa kwanza. Ndiyo sababu sampuli huzidishwa kwa athari ya usanifu, yaani 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu katika kila kundi na r ni kipimo cha kufanana kwao. Tuchukue r kuwa 0.05: 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Zidisha kwa 385, unapata 751.

Wako pia watakaokataa kujibu. Tuseme asilimia 10. Wengi huongeza asilimia 10 juu ya 751 na kupata 827. Ukiondoa asilimia 10 ya 827 wanabaki kama 744, pungufu ya unaowahitaji. Njia sahihi ni kugawanya kwa 0.9: watu 835, vijiji 42. Mwanafunzi aliyekuja na 384 alikuwa anaelekea uwandani na chini ya nusu ya sampuli yake, na bajeti ya mafuta, posho na siku aliipanga kwa namba hiyohiyo.

Kabla ya kusaini muulize mambo matatu. Kipimo chako kikuu ni kipi? Kila namba uliyoweka kwenye fomula imetoka utafiti gani? Unachagua watu au makundi? Akisita, arudi kwa mtakwimu kwanza, kamati ya maadili baadaye. Kuwagusa watu mamia kwa utafiti usioweza kujibu swali lake ni kosa la kimaadili, si la hesabu tu, na msimamizi hubeba nusu yake.

Amidi wetu anataka jina lake kwenye kila makala inayotoka shuleni. Mimi ni mhadhiri msaidizi. Nimkatalie vipi?

Usimkatalie kwa mdomo wako, mwachie mwongozo useme. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina vigezo vinne, na mwandishi lazima atimize vyote: mchango wa maana katika kubuni utafiti, au kupata, kuchambua au kufasiri data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina cha kitaaluma; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Hicho cha nne kiliongezwa mwaka 2013. Kutafuta fedha peke yake, kuongoza shule peke yake au kunyoosha lugha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Nafasi yake ni kwenye shukrani, na ni nafasi ya heshima.

Njia isiyoleta ugomvi ni kuanza mapema, majedwali yakiwa bado mabichi. Mwandikie: "Profesa, shikamoo. Matokeo ya awali ni haya. Tunaomba tafsiri yako ya jedwali la pili na la tatu kabla ya Ijumaa, ili mchango wako uingie kwenye orodha ya michango." Akifanya kazi hiyo na kuihakiki rasimu, amestahili na umepata msomaji mzoefu. Akinyamaza, orodha ya michango ambayo majarida mengi huidai itakuwa na nafasi tupu mbele ya jina lake, na hapo ni yeye atakayeamua ajaze nini.

Kwa nyinyi maamidi mnaosoma hapa: data ikibainika kuwa ya kughushi, waandishi wote huulizwa. Jina lililowekwa kwa hisani hulipiwa siku hiyo. Na mwongozo huohuo unataka kila aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Wakusanyaji data waliosaidia pia kubuni dodoso wasifungiwe mlango.

Wanafunzi wetu wa uzamili wakipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo huishia kupanga mafaili. Tufanyeje?

Barua ya kumtambulisha mwanafunzi haitoshi. Inahitajika karatasi moja yenye sahihi tatu, za mwanafunzi, msimamizi wa chuo na msimamizi wa kituo, inayotaja kazi mbili ambazo kituo chenyewe kinazihitaji na kitazitumia: kwa mfano uchambuzi wa taarifa za chanjo za miezi 12 iliyopita, na muhtasari wa kurasa mbili kwa timu ya afya ya wilaya. Kila kazi ioanishwe na umahiri ulioandikwa kwenye mtaala. Msimamizi wa chuo afike au apige simu wiki ya pili, maana wiki ya sita haiokoi kitu. Ruhusa ya kugusa data iombwe kabla mwanafunzi hajaripoti. Hapo ndipo wengi hukwama na kuangukia kwenye mafaili.

Chuo cha nje kimetutumia mkataba wa ushirikiano wa utafiti na kutupa siku tano tusaini. Tuangalie nini?

Ombeni siku zaidi, kwa barua. Huku mkisubiri, someni kwanza vifungu hivi.

Data: nani anazimiliki, zitahifadhiwa wapi, na nani ataruhusu zitumike kwa swali jipya baada ya mradi kuisha. Sampuli za damu au mate: kama zinasafirishwa, zitatunzwa miaka mingapi, na je, fomu ya ridhaa aliyosomewa mshiriki inasema hivyo? Mkataba ukiruhusu miaka 15 na fomu ikataja utafiti huu tu, fomu ndiyo inayoshinda, kwa kuwa ndiyo mliyoahidiana na mtu. Uandishi: nani ataandika makala kuu, na wanafunzi wenu wa uzamivu wamewekewa maswali yapi.

Halafu fedha, na hapa wengi husoma jumla wasisome jinsi ya kulipwa. Chukulia mradi unaotumia 10,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Mkataba unasema mtalipwa kila robo mwaka baada ya kuwasilisha ripoti, na mwenzenu ana siku 45 za kuihakiki. Mtakuwa mmetoa 45,000 mfukoni mwenu kabla senti ya kwanza haijarudi. Idara isiyo na akiba hiyo huchelewesha malipo, na wa kwanza kucheleweshewa huwa ni wakusanyaji data, ambao mikataba yao mara nyingi ni ya muda mfupi. Dai malipo ya awali ya angalau robo mwaka moja, na kifungu hicho kiwe kimeandikwa ndani ya mkataba kabla kalamu haijagusa karatasi. Ahadi ya barua pepe haitambuliwi na ofisi ya fedha.