Shangazi, mama yangu si Myahudi: nina haki ya kukaa pale?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Boston. Mama ni Mtaita aliyekulia Mombasa, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Baba alikuwa Myahudi wa New York. Sinagogi hakukanyaga, ila kila mwaka aliwasha mshumaa kumkumbuka mama yake, na hakuchoka kutusimulia habari za babu yake, fundi cherehani na mtu wa migomo. Baba alifariki mwaka juzi. Nimepata kikundi cha Wayahudi wasiofuata dini. Ijumaa jioni wanawasha mishumaa, wanaimba kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kisha wanajadili kodi za nyumba na haki za wahamiaji. Nikiwa pale moyo unatulia. Lakini mzee mmoja aliniuliza nimemsindikiza nani. Rafiki yangu anasema mimi si Myahudi kwa kuwa mama si Myahudi. Mama naye analia kwamba namtupa Yesu, ilhali hata Mungu mwenyewe sina hakika naye. Nina haki ya kukaa pale? — Nusu Nusu*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa baba.

Rafiki yako amesema kweli ya upande mmoja. Kwa sheria ya kale, ambayo matawi ya Kiyahudi ya Waorthodoksi na Wakonsavativu wanaishika, Uyahudi hupitia kwa mama. Rabi wa Kiorthodoksi hatakuhesabu, na sitakudanganya kwamba kesho atabadilika. Ila huko siko ulikobisha hodi. Marabi wa Reform, tawi la Kiyahudi lenye msimamo wa kisasa, wa Marekani walikubali mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi ni wao pia, mradi alelewe akijulikana hivyo. Wapo na waliomfuata Rabi Sherwin Wine, aliyeanzisha jumuiya isiyoomba Mungu karibu na Detroit mwaka 1963. Kwao, anayejitambulisha na historia, utamaduni na mustakabali wa Wayahudi ni mwenzao, basi.

Kikundi chako, kwa jinsi ulivyokieleza, nakiona kina damu ya yule babu wa cherehani. Mwaka 1900 wafanyakazi wahamiaji wa New York waliunda Workmen's Circle, na ukitaka mama akuelewe, mwambie kilikuwa chama cha kufa na kuzikana. Walichanga ili mwenzao akiugua apate daktari, akifa apate kaburi. Baadaye wakafungua shule za kufundishia watoto Kiyidishi. Wengi walikuwa wasoshalisti, mambo ya sala waliwaachia wengine. Kulikuwa hata na vijana wa kianakisti, yaani wasiotaka serikali yoyote, London na New York, mwishoni mwa karne ya 19, walioandaa dansi usiku wa Siku ya Upatanisho huku wenzao wamefunga! Hao mimi ningewachapa. Lakini kutoamini kwako, mwanangu, hakutamshtua mtu pale.

Yule mzee ni jambo jingine. Najua alichokiona: ngozi yako. Mjibu mara moja, kwa upole: "Nimekuja mwenyewe, baba yangu alikuwa Myahudi." Akishangaa, mwambie Uganda karibu na Mbale wako Abayudaya, weusi kama mimi na wewe, wanaoishika dini hiyo tangu 1919. Baada ya hapo usigeuke mwalimu wa kila Ijumaa. Mwendee anayeongoza kikundi, umweleze ulichoulizwa, naye aseme na watu wake. Wanaojadili haki za wahamiaji wajue pia kumkaribisha mtu mlangoni.

Sasa neno ambalo hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mstari una baba. Nadhani unamtafuta yeye pale. Si vibaya, lakini jiulize: ule mshumaa, mwaka huu nani aliuwasha? Tafuta tarehe aliyofariki kwa kalenda ya Kiyahudi, maana haiangukii siku ileile ya kalenda ya kawaida. Mishumaa yenyewe huuzwa madukani huko, iko ndani ya gilasi, inawaka takriban saa 24. Unauwasha jua likizama, mkesha wa siku hiyo. Huhitaji kuamini kitu wala kuomba ruhusa ya mtu.

Na uuwashie nyumbani kwa mama. Yeye ameishi na mshumaa huo miaka yote ya ndoa yake, na Yesu wake hakutoka nyumbani. Amempoteza mume, anaogopa binti naye anamponyoka. Usimweleze siasa wala rabi wa Detroit. Muulize baba alikuwa akisema nini akiuwasha.

Kuhusu kikundi, acha kukaa kama mgeni wa harusi. Omba kazi: kupanga viti, kuosha vyombo, chochote. Pasaka ya Kiyahudi ikifika watakuwa na mlo wao, na tafadhali usipeleke chapati wala mandazi! Hata kama wengi wao hawashiki dini, wako watakaojali, kwani wiki hiyo vitu vya ngano haviliwi ila ule mkate wao usiochachuka. Sema utaleta harosethi, ule mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu unaoliwa kwenye mlo huo. Wengi huko Marekani huitengeneza kwa tofaa na jozi, lakini Wayahudi wa Iraki na Yemen hutumia tende, na tende mtu aliyekulia Mombasa hafundishwi. Mwombe mama akusaidie kuzitoa kokwa. Akitaka kujua zinakokwenda, mwambie aje aone.

Shangazi