Jibu: INDIRECT ya Excel inaleta #REF! kwenye shiti moja tu

Habari mkuu. Umesema unavuta jumla ya kilo za kila shiti kwa INDIRECT (fomula inayogeuza maandishi kuwa anwani ya seli): ya shiti ya Kirumba inasomeka, ila ya "Igombe Dagaa" inatoa #REF!, yaani kosa la anwani isiyopatikana. Mchawi ni hiyo nafasi katikati ya jina. Lizungushie nukuu moja moja ('); hapa A2 ni seli yenye jina la shiti, D32 ni seli ya jumla:

=INDIRECT("'"&A2&"'!D32")

Ikigoma, angalia kwanza nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina, A2 au kwenye shiti yenyewe. TRIM(A2) inasafisha ya A2 tu.

Kuna mtego mwingine: D32 hapo ni maandishi, haisogei. Ukiingiza mstari juu ya jumla, fomula itakuletea kilo za mzigo wa mwisho badala ya jumla, bila onyo lolote. Weka jumla juu, D1, kwa =SUM(D3:D500), kisha kwenye INDIRECT badilisha D32 iwe D1. Faili likiwa jingine, Excel inataka liwe limefunguliwa.