Umelinganisha na nani? Maswali yenu kuhusu takwimu za uchumi

Barua nyingi zilizoingia safari hii zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, mtu kasikia "utafiti umeonyesha" na anataka kujua aamini au aachane nayo. Nimechagua nne.

SWALI: Habari za kazi. Mi nauza vitenge Mbagala na tuna kikundi chetu cha wanawake. Afisa wa kampuni moja ya mikopo kaja na kipeperushi kimeandikwa utafiti umethibitisha wateja wao wana mauzo makubwa na nyumba bora kuliko wanawake wasiokopa. Shemeji yangu anasema utafiti ni utafiti, tuchukue. Mimi nasita maana hapa sokoni nimeona kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, ilivyowaacha watu bila meza wala mzigo. Huo utafiti unathibitisha nini hasa?
*Mama Vitenge, Dar es Salaam*

JIBU: Dada yangu, unasita mahali penyewe kabisa. Hicho kipeperushi kinasema wanaokopa wana hali nzuri kuliko wasiokopa, basi, hakisemi mkopo ndo uliowapa hiyo hali. Hebu fikiria nani anakopeshwa hapo sokoni kwenu. Afisa mikopo anaangalia nani ana meza ya kudumu, nani ana mzigo unaoonekana, nani mume wake ana kazi ya mshahara, na wenzio kikundini nao hawataki kumdhamini mtu wanayejua biashara yake inayumba maana akishindwa rejesho la wiki watachanga wao. Kwa hiyo mwanamke anayepata mkopo kashachujwa mara mbili kabla hajashika hela, ukija kumpima baada ya mwaka ukakuta yuko juu ya yule asiyekopa inawezekana kabisa alikuwa juu yake toka siku ya kwanza.

Halafu kuna waliotoweka. Tuseme walikopa wanawake 100, wakashindwa 30, wengine wakahama mtaa kukwepa marejesho, wengine wameuza friji na makochi na hawaji tena kwenye mkutano. Mtu wa dodoso anakuja siku ya mkutano, anawakuta 70 waliobaki, anawahoji, anapiga wastani na anaandika "wateja wetu". Kila namba aliyoandika ni ya kweli na bado picha nzima ni ya uongo, na hili linaniuma kweli maana wanaofichwa ndo wale wale waliotakiwa kukuonya wewe.

Wachumi walishapambana na hili tatizo. Kule Hyderabad, India, Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Rachel Glennerster na Cynthia Kinnan walichukua mitaa 104, kampuni ya mikopo ya vikundi ikafungua huduma kwenye mitaa 52 iliyopatikana kwa kura ya bahati nasibu na mingine 52 ikangoja. Kura haijui nani ana friji wala nani mume wake ana mshahara, kwa hiyo mwanzoni mitaa ya upande huu na upande ule inafanana kwa wastani, tofauti kubwa ikitokea baadaye una haki ya kuutazama mkopo. Na hawakuwapima wakopaji peke yao, walipima wakazi wa mitaa ya pande zote mbili, aliyekopa na asiyekopa, ili wasije wakaingiza tena mchujo kwa mlango wa nyuma. Walichokuta baada ya mwaka na miezi kadhaa ni kwamba biashara ziliwekezwa zaidi na watu walinunua vyombo vya kudumu zaidi, ila matumizi ya kaya kwa ujumla hayakupanda kwa kiwango cha kuonekana, na afya, elimu ya watoto na sauti ya mwanamke nyumbani havikubadilika. Faida iliongezeka zaidi kwa biashara zilizokuwepo tayari, tena hasa zile zilizokuwa kubwa. Mwaka 2015 utafiti huo ulitoka pamoja na mingine mitano ya Ethiopia, Morocco, Mexico, Mongolia na Bosnia na picha ilikaribiana, mkopo mdogo unasaidia kidogo, hauwatoi watu kwenye umaskini kwa wingi kama ilivyokuwa inatangazwa.

Kwa hiyo sikwambii ukatae. Mwulize huyo afisa vitu viwili mbele ya kikundi kizima: hao wasiokopa mliowalinganisha nao mliwapataje, na walioanza na nyie wakaacha mmewahesabu wapi. Akishindwa kujibu, tafuteni wanawake wawili watatu waliotoka kwenye vikundi vyake muongee nao, hapo sokoni hamtawakosa.

SWALI: Salamu kutoka Kisumu. Nimesoma mahali kwamba M-Pesa imetoa familia 194,000 kwenye umaskini hapa Kenya. Walizihesabu aje? Ama ni namba tu ya kutangaza biashara?
*Mwanafunzi wa chuo, Kisumu*

JIBU: Si tangazo, ila pia hakuna mtu aliyezunguka akahesabu familia 194,000 moja moja. Namba hiyo inatoka kwa wachumi Tavneet Suri na William Jack, ilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2016, na ni makadirio, yaani walipima tofauti kwenye sampuli yao ya kaya halafu wakaipeleka kwenye nchi nzima, ikaja kama asilimia 2 ya kaya za Kenya.

Sasa walilinganisha nani na nani. M-Pesa ilianza 2007 na ilienea mbio mno hadi kura isingewezekana, huwezi kuwaambia watu wa kijiji fulani wasijisajili. Wakaangalia mawakala. Kuna sehemu ambapo mawakala waliongezeka wengi karibu na nyumba kati ya 2008 na 2010, na sehemu ambapo waliongezeka wachache, kisha wakafuatilia kaya hizo hadi 2014 kuona matumizi yao yameendaje. Ni akili nzuri, lakini wewe mwenyewe unaweza kuona shimo liko wapi: wakala anafungua duka mahali anaponusa pesa. Kama alifungua kwenye kituo ambacho tayari kilikuwa kinakua kwa sababu ya barabara au soko jipya, basi ukuaji huo utasomeka kana kwamba ni wa M-Pesa. Waandishi walijitahidi kuonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa, na wapo waliobaki na mashaka, mwaka 2019 watafiti Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliandika makala ndefu wakilalamika pia kwamba biashara zinazokufa na madeni ya watu havikuingizwa kwenye hesabu.

Mimi naegemea upande wa kuamini kwamba athari ipo, na sababu yangu si ile 194,000. Ni utafiti wao wa awali wa 2014 ambao ulikuta kaya isiyotumia M-Pesa ikipigwa na msiba au ugonjwa au kupoteza kazi matumizi yake yanashuka kama asilimia 7, na kaya inayotumia haishuki, kwa sababu ndugu wa mbali wanatuma pesa, na pesa hizo zinatoka kwa watu wengi zaidi. Hapo unaona njia yenyewe ambayo pesa inapita mpaka kwenye sahani. Namba kubwa isiyo na njia naishika kwa vidole viwili, namba ndogo yenye njia inayoeleweka naishika kwa mkono mzima.

Na kwa vile uko karibu na Siaya, uliza kuhusu zile pesa taslimu zilizogawiwa huko, kama dola 1,000 kwa kila kaya maskini, zaidi ya kaya 10,000, vijiji 653 vikapangwa kwa kura. Pale watafiti walikuwa na tatizo la aina nyingine: aliyepewa pesa akienda kununua mabati na unga kwa jirani, jirani naye anafaidika, sasa ukimlinganisha na huyo jirani utaona kama pesa haikufanya kazi sana. Kwa hiyo walipiga kura ngazi mbili, maeneo mengine vijiji vingi vipewe na mengine vichache, ili waupime na ule mmwagiko wa kwa jirani. Wakakuta kila dola iliyoingia iliongeza uchumi wa eneo kwa kama dola 2.5, na bei hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza. Nauheshimu sana utafiti huo kwa sababu walilifikiria swali la jirani kabla hawajagawa pesa.

SWALI: Kuna mtaalamu nilimsikia redioni akisema deni la nchi likivuka asilimia 90 ya pato la taifa uchumi unadumaa. Ni sheria ya kiuchumi?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana. Asilimia 90 inatoka kwa wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, 2010, waliosema nchi tajiri zilizovuka hapo zilikua kwa wastani wa asilimia -0.1 kwa mwaka, yaani uchumi ulisinyaa kidogo. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo cha Massachusetts Amherst, aliomba faili lao la Excel akakuta fomula imeruka nchi 5, miaka mingine imeachwa, na New Zealand yenye mwaka mmoja mbaya imepewa uzito sawa na Uingereza yenye miaka 19. Yeye na walimu wake waliporekebisha, -0.1 ikawa 2.2, dhidi ya 3.2 kwa nchi zenye deni la kati ya 60 na 90. Kupungua kupo, ukuta haupo. Na hata huko kupungua hakujasema nani kamvuta mwenzake, maana uchumi ukidorora deni nalo linapanda lenyewe kwenye huo uwiano. Serikali zilikata matumizi ya watu huku zikiitaja hiyo 90, ndo maana nasema faili la data liwekwe wazi siku ile ile makala inapotoka.

SWALI: Shikamoo. Nasoma uchumi Dodoma, niko kwenye utafiti wa shahada. Nilihoji wakulima 60 wa alizeti Singida, 30 wanaotumia mbegu bora na 30 wa mbegu za kienyeji. Wa mbegu bora walivuna gunia 1 zaidi kwa eka ila thamani ya p imekuja 0.11. Rafiki yangu anasema nifute wakulima wanne "wanaoharibu" ishuke chini ya 0.05, la sivyo utafiti wangu hauna maana. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifute mtu.

Kwanza tuelewane hiyo 0.11 inasema nini. Inasema kama mbegu bora hazina tofauti yoyote na za kienyeji, basi kwa bahati tu ungepata pengo kubwa kama hili lako au zaidi mara 11 katika kila tafiti 100 za namna hiyo. Haisemi mbegu hazifanyi kazi. Geuza hesabu yako uandike kwa magunia: kwa pengo la gunia 1 na p ya 0.11, data yako inakubaliana na kitu chochote kuanzia hasara ya kama robo gunia mpaka faida ya magunia 2 na robo kwa eka. Mkulima akisoma hivyo anaelewa, na msimamizi wako anaona kwamba tatizo ni sampuli ndogo.

Hilo la kufuta lipo mpaka kwa wakubwa. Mchumi Abel Brodeur na wenzake walikusanya vipimo vya takwimu zaidi ya 50,000 kutoka majarida matatu makubwa ya uchumi ya Marekani, miaka ya 2005 hadi 2011, wakakuta p zinazodondokea kati ya 0.10 na 0.25 zimepungua kuliko inavyotegemewa na zile zilizo chini kidogo ya 0.05 zimejaa. Na majaribio 18 ya maabara ya uchumi yaliporudiwa upya, matokeo yake yakatoka 2016, yaliyosimama tena yalikuwa 11, tena kwa wastani athari ilikuwa kama theluthi mbili ya ile ya mwanzo. Hayo ni madhara ya watu wengi waaminifu waliojaribu hivi, wakajaribu vile, wakasimama pale p ilipopendeza.

Kinachonisumbua zaidi kwenye kazi yako sio p. Hao 30 wa mbegu bora walizipataje? Kama ni wale wenye hela ya kununua, basi wana na mbolea, na eka zao pengine ziko karibu na barabara, na trekta linafika mapema kabla mvua haijaisha. Hata p ingekuja 0.001 swali hilo lingebaki pale pale. Rudi kwenye madodoso yako, kama uliuliza mbolea, ukubwa wa shamba na tarehe ya kupanda, linganisha makundi mawili kwa hivyo vitu kwanza na uweke jedwali hilo kabla ya jedwali la mavuno. Kama hukuuliza, iseme wazi kwenye sura ya mapungufu, na kama simu zao unazo wapigie, maswali matatu hayachukui hata dakika tano.

Na huyo rafiki mwulize wakulima wanne anawafuta kwa kigezo gani, na kama hicho kigezo kilikuwa kimeandikwa mahali popote kabla hajaona wamevuna magunia mangapi.