Kabla hujanunua fleti ya BnB Mombasa, piga hesabu ya Mei

Kila Januari hunipigia simu jamaa waliokuja likizo Desemba, wakalala kwenye fleti ya Nyali au Bamburi kwa elfu nane usiku, wakapiga hesabu wakiwa bado ufuoni: elfu nane mara thelathini, laki mbili na arobaini kwa mwezi. Walio Doha na Jeddah ndio wenye haraka zaidi, maana akiba ipo na dalali ameshawatumia video ya roshani inayotazama bahari. Mimi nina fleti ya vyumba viwili Bamburi. Miaka ya mwanzo ilikuwa na mpangaji wa kawaida, siku hizi ni BnB, yaani inapokea wageni wa siku chache. Kwa hiyo biashara hii nimeionja pande zote mbili, na ninaowajibu nawaambia waiweke Desemba kando kwanza, tuzungumze Mei.

Mei mvua za masika zimeshika. Pasaka imepita, shule zimefunguliwa, watu wa Nairobi hawashuki, na Wazungu wanangoja Julai na Agosti. Hata mahoteli ya Diani na Watamu, mengine hutumia kipindi hiki kufunga na kukarabati. Sasa kama hoteli yenye bwawa na wapishi imefunga, fleti yako ya ghorofa ya tatu itajazwa na nani?

Hebu tufanye mfano, wewe utaweka tarakimu zako. Chukua fleti ambayo mpangaji wa kawaida angelipa shilingi 45,000 kwa mwezi. Toa 8,000 za ada ya jengo (walinzi, lifti, taka, jenereta), unabaki na 37,000. Umeme ni wake, maji ni yake, godoro ni lake. Igeuze iwe BnB ya 6,000 usiku, mwezi wenye usiku 18 wenye wageni. Zinaingia 108,000. Mtandao wa kuhifadhi vyumba unakata kamisheni, tuseme asilimia 15, ambayo ni 16,200. Wageni wakikaa wastani wa siku mbili, ni mara tisa za kusafisha na kufua. Kwa 1,000 kila mara, 9,000. Tokeni za umeme 9,000, kwa sababu mgeni akitoka kwenda Haller Park kiyoyozi hukiacha kinanguruma. Intaneti 3,000, ada ya jengo ile ile 8,000, maji 2,000, na vitu vidogo (gesi, sabuni, maji ya kunywa, karatasi za chooni) 4,000. Unabaki na 56,800.

Umempita mpangaji kwa 19,800, hapo ukiwa wewe mwenyewe ndiye unayejibu meseji, unayepokea wageni usiku na kumtafuta fundi. Ukimpa msimamizi asilimia 20 ya mapato, yaani 21,600, unashika 35,200. Mpangaji amekushinda, na bado hatujagusa laki sita za samani, friji, televisheni na viyoyozi ulizotanguliza. Hata ukisimamia mwenyewe, kwa tofauti ya 19,800 laki sita hizo zinarudi baada ya miezi zaidi ya 30. Mei yenye usiku nane, kwa hesabu ile ile, ni chini ya 20,000 mkononi. Desemba hufidia, sikatai, ila Desemba ni moja.

Kuna gharama ambazo haziko kwenye jedwali la dalali yeyote. Pwani chumvi inakula chuma. Kiyoyozi kilichofungwa upande wa bahari, ganda la nje linaanza kumenyeka kabla hujasahau bei yake, na bawaba za madirisha zinaganda. Maji ya kisima nayo yana chumvi: bomba la bafu linaziba, hita ya maji inaota magamba meupe. Halafu mashuka. Kila anayekushauri atakwambia ununue meupe, eti yanaonekana ya hoteli. Mombasa mgeni akifika huenda kupakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mikononi, kisha analala nayo mbichi. Piko ikishaingia kwenye pamba nyeupe, jiki haiitoi. Utalikata shuka liwe kitambaa cha kufutia madirisha. Mimi natumia ya rangi ya kahawia, mrembo aje na mikono yake.

Kwa walio mbali, neno moja kuhusu kumweka ndugu asimamie. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado ikashindikana, kwa sababu kazi yenyewe haina saa. Mgeni ameteremka treni ya SGR Miritini usiku, simu imeisha chaji, mlinzi wa geti hamjui. Ndugu yako ana watoto na ana kibarua chake, na hajui kama anakusaidia au ameajiriwa. Mlipe kwa asilimia inayojulikana, na pesa za wageni ziingie kwenye akaunti yako. Hapo mtaendelea kusalimiana vizuri kwenye Idi.

Kabla ya kulipa hata amana, waulize wenye jengo. Yapo majengo ambayo kamati ya wamiliki imepiga marufuku BnB, na siwalaumu: hakuna anayependa kukutana na sura mpya kwenye lifti kila Ijumaa, wengine na spika begani. Waombe kanuni za jengo kwa maandishi. Serikali nayo imeamka. Mwanzoni mwa 2024, baada ya wanawake vijana kuuawa Nairobi katika nyumba za aina hii, wenye nyumba walitakiwa wajisajili kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Chukua leseni, na nakili kitambulisho cha kila mgeni. Ushuru wa upangaji wa kawaida ni rahisi kuuelewa, asilimia 7.5 ya kodi unayopokea tangu Januari 2024 kwa walio kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, lakini malazi ya wageni yana mambo yake, kwa hiyo mlipe mhasibu akueleze. Sheria zinaweza kukaza zaidi ya hapa. New York iliwabana wenye nyumba hizi Septemba 2023, na Barcelona imetangaza kwamba leseni za fleti za watalii zitakoma 2028.

Pamoja na hayo yote, mimi bado nimo. Kilichoniweka ni kujua wageni wangu wa Mei ni nani, na wengi wao si watalii. Ni familia iliyokuja kuuguza mtu hospitali, ni mhandisi aliyeletwa bandarini kwa wiki mbili, na zaidi ya wote ni watu wa harusi. Harusi za Waswahili zinafuata mwezi mwandamo, na miaka hii Mfungo Tatu, yaani mwezi wa Hija, unaangukia Mei na Juni. Shangazi watano kutoka Lamu na Malindi hawana haja na roshani. Wanataka jiko lenye sufuria kubwa, pasi inayofanya kazi, kioo kirefu na mahali pa kuegesha gari. Fleti ya namna hiyo nyuma ya barabara kuu huuzwa bei nafuu kuliko ya kutazama bahari.

Ukienda kununua fleti inayouzwa kama “BnB inayofanya kazi”, usikubali kuonyeshwa picha za kalenda ya Desemba. Omba taarifa za malipo za Aprili, Mei na Juni, zitoke moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Kama unakopa, linganisha marejesho ya benki na ile 37,000 ya mpangaji, usiyalinganishe na mapato ya wageni. Yakizidi, iache. Na kama hujawahi kupokea mgeni maishani, kodi fleti ya mtu kwa mwaka mmoja, mwenye nyumba akuandikie kibali cha kupangisha wageni, ununue samani zinazohamishika. Mwaka ukiisha utakuwa na hesabu yako mwenyewe ya Mei.